Hodi kwa Donatus

Ushirombo, 18 Februari 2024

Kaka Ansgar,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Mara ya kwanza ulinikatia, mara ya pili nikakukatia mimi, na mara ya tatu wifi Mariana akapokea akasema umelala, saa kumi jioni. Karatasi haikatiki. Utanisoma mpaka mwisho, na ukitaka kufoka utafoka peke yako hapo Ibadakuli, mimi sitakusikia. Kondakta wa basi ameahidi kukufikishia mkononi.

Jambo lenyewe unalijua, ila nalipanga upya maana kwenye simu ulikuwa unajibu kabla sijasema. Mwanangu Valerian alifukiwa kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, mwezi wa kumi na moja. Wenzake walitolewa wazima, yeye hakutoka. Duara lilibomoka kwa sababu Donatus, mwenye shimo la jirani, aling'oa matimba, zile nguzo zinazozuia kuta, akaenda kuzisimika kwake. Anasema jioni ile alikuta kamba ya kushukia imeondolewa, na huko machimboni shimo lisilo na kamba huhesabiwa limeachwa, kila mtu anachukua mti anaoutaka. Kina Valerian walikuwa wameitoa kamba kwa kuogopa wezi. Asubuhi wakairudisha, wakashuka.

Serikali iliandika ajali. Sungusungu hawakuandika ajali, walimtenga. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto wala maji, hakuna kumsaidia shambani, mpaka aje mwenyewe kwa mfiwa, yaani kwangu, akae chini aombe. Hajaja. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka kuna mkutano. Kama hadi siku hiyo atakuwa hajaja, anahamishwa kijijini yeye na mkewe Jenifa, na Jenifa ana mimba kubwa.

Mimi ndiye mfiwa, na sitaki wamhamishe. Nimemwambia hivyo mwenyekiti wa sungusungu, mzee Jilala. Amenijibu kwamba neno langu peke yangu halitoshi, lazima mzee wa kiume wa upande wetu aseme. Mume wangu Onesmo hayupo duniani, na ndugu zake walihamia Katavi na ng'ombe wao. Umebaki wewe. Naomba umwandikie Jilala mistari miwili: familia imemwachilia Donatus. Weka saini. Basi.

Mahindi yamefika kiunoni. Shuleni darasa la tatu wananipasua kichwa.

Mdogo wako,
Febronia


Ibadakuli, 24 Februari 2024

Mdogo wangu Febronia,

Marahaba. Milele na milele, amina.

Nimesoma mpaka mwisho na ni kweli nilifoka. Mariana alitoka jikoni akidhani kuna mgeni.

Jibu ni hapana. Nitakupa sababu, kwa kuwa unapenda sababu.

Nimekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka nikastaafu. Kila asubuhi nilimsomea mtu shtaka lake, nikamuuliza kama ni kweli au si kweli. Hukumu ilikuja baadaye, na huruma, kama ilikuwepo, ilikuja baada ya hukumu. Huo ndio mpangilio. Ukiugeuza huna haki wala huruma, una vurugu. Na usinijie na mambo ya dini, maana kanisani ni vilevile. Mtu huenda kwenye kitubio kwa miguu yake, hupiga magoti, husema dhambi zake, ndipo padre huinua mkono. Umewahi kuona padre anazunguka vilabuni akiwaondolea dhambi watu wenye kata ya pombe mkononi? Angepelekwa kwa askofu.

Donatus ana miguu. Kati ya nyumba yake na yako kuna majaruba ya mpunga tu. Miguu iliyombeba na matimba ya wenzake begani inaweza kuvuka majaruba. Kama havuki, ni kwa sababu hataki. Wewe unataka tumpe kitu ambacho hakitaki, hajakiomba, wala hajui bei yake. Msamaha wa namna hiyo ni dharau kwa marehemu. Watu watasema damu ya Valerian ni maji.

Mtoto yule alikuwa wangu pia. Likizo zake zote alizimalizia hapa, kwenye uzio wa uwanja wa ndege, akitazama ndege zinavyotua. Nilimfuata pale kila jioni aje kula. Siku hizi nikisikia ndege naingia ndani.

Aje. Akija nitasaini kabla wino wa kalamu haujakauka.

Kaka yako,
Ansgar


Ushirombo, 3 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Umeandika kama hakimu ukasaini kama kaka. Nikujibu yupi?

Nianze na hakimu. Wakati tunajiandaa kwa komunyo ya kwanza, mimi na wewe tulikaa benchi moja mbele ya katekista mmoja. Alitusimulia Adamu amekula tunda, akaona aibu, akajificha vichakani. Sasa niambie nani alianza kuita. Adamu hakutoka vichakani na ombi la msamaha lililopangwa vizuri. Alikuwa amejikunyata nyuma ya majani, na Mungu ndiye aliyekuwa anatembea bustanini akimtafuta. Kama angefuata mpangilio wa mahakama yako angekaa kitini asubiri mshtakiwa aletwe, na mpaka leo tungekuwa vichakani.

Na huyo anayekwenda kwenye kitubio kwa miguu yake, miguu hiyo kapewa na nani? Unadhani mtu huamka tu asubuhi akajisikia kutubu kama anavyojisikia njaa? Kuna aliyemwamsha. Wewe unahesabu safari kuanzia mlango wa kanisa. Safari ilianza mbali, na si yeye aliyeianza.

Nije kwa kaka. Unasema Donatus ana miguu. Njoo umwone. Mtu aliyekaa tangu mwaka jana bila kusalimiwa hana miguu. Jenifa anasubiri kisimani mpaka wanawake wote wamalize kuchota, ndipo asogee na ndoo yake na tumbo lile. Watoto wangu wa darasa la tatu wana mchezo mpya. Wanasema Donatus akiamka humwamkia beberu wake: "Shikamoo, bwana mkubwa, umelalaje?" Darasa zima linacheka. Mwanzoni nilicheka na mimi. Baadaye nilimsikia mwenyewe, na haukuwa mzaha.

Usidhani simchukii. Nikiona mgongo wake shambani natamani udongo umfukie na yeye. Lakini sitaki aondoke hivi, kama mbwa. Akiondoka hivi, Valerian atakuwa amekufa na hakuna kilichofuata.

Nina kichwa kigumu, unajua. Nitakuandikia mpaka usaini.

Febronia


Ibadakuli, 9 Machi 2024

Febronia,

Kwenye Adamu umenishinda, nakupa. Lakini mwalimu mzima umekatisha somo katikati: baada ya kuitwa alihojiwa, na baada ya kuhojiwa alifukuzwa bustanini na malaika akawekwa mlangoni. Jilala na sungusungu wake ndio malaika. Mbona hilo hukuliandika?

Hata hivyo sitaki tufe tumenuniana. Mariana anasema nimekuwa sili vizuri tangu barua hizi zianze. Kwa hiyo nakupa sharti moja jepesi. Kwetu mtu hali chungu kimoja na adui yake. Chakula hufuata mapatano, kila mtu analijua hilo. Siku nitakayosikia kwamba wewe na Donatus mmeketi mkala pamoja, mchana, watu wakiona, sitauliza zaidi. Nitamwandikia Jilala siku hiyohiyo.

Kwaresima hii parokia wamenipa tena kile kipindi cha dini cha redio, kila Jumatano saa moja na nusu usiku. Mada ni toba. Sikuichagua mimi.

Ansgar


Ushirombo, 14 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Tumekula.

Jana mchana, kivulini kwenye ua wa Donatus, mimi na yeye na Jenifa, sahani moja. Michembe ya viazi vikavu ya kuchemsha na karanga, na maziwa mgando. Mzee Jilala alipita na baiskeli yake, akasimama, akashuka, akatazama mpaka nikamkaribisha. Hakukaribia, lakini ameona.

Timiza ulilosema.

Febronia


Ibadakuli, 17 Machi 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Mungu ni mkubwa! Barua yako nimeisoma mara nyingi, na Mariana nimemsomea, na jirani yetu Mlutheri nimemsomea pia ajue kwamba na sisi tunayo mambo.

Kwa hiyo amekuja. Ona sasa! Ningekusikiliza wewe, ungemharibia. Ningesaini ile wiki ya kwanza, yule kijana angebaki vichakani mwake. Tumemsubirisha, moyo ukamlainika, akavuka majaruba, akaomba, mkala. Mpangilio ni uleule. Sidai ushindi, ila kama unataka kunipa sikatai.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kumpa mzee Jilala. Nimeandika: "Familia ya marehemu Valerian Onesmo imempokea Donatus na haina kinyongo naye." Mpe aisome mkutanoni.

Na nimepata mfano wa kipindi cha Jumatano. Wasikilizaji wamechoka na mifano ya Mashariki ya Kati, wanataka ya Bukombe. Usiwe na wasiwasi, sitataja kijiji.

Kaka yako mwenye furaha,
Ansgar


Ushirombo, 21 Machi 2024

Ansgar,

Hukutaja kijiji. Ulisema "mdogo wangu, mwalimu, mjane, huko Bukombe," ukasema "mchimbaji mmoja, tumwite D." Unadhani huku tuko wangapi? Redio ilikuwa imewashwa dukani, kilabuni, kwa Jilala, na kwa huyo D mwenyewe.

Ulisema alikuja kwa magoti. Ulisema alivuka majaruba ya mpunga kwa magoti, tope limemfika mapajani, analia, na mimi nikamwinua. Magoti uliyatoa wapi? Tope ulilitoa wapi? Mimi niliandika kwamba tumekula. Nilijua utaelewa vibaya, na nikakuacha uelewe vibaya kwa sababu nilitaka saini yako. Hilo ni langu. Lakini tope ni lako.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Hakuja. Nilikwenda mimi. Nilikwenda tarehe mbili Machi, siku moja kabla ya kukuandikia ile barua ya Adamu. Nilichukua kaa la moto kwenye kigae. Ana kiberiti, najua, lakini kiberiti kinanunuliwa, na moto wa jirani hupewi mpaka wakupende. Nikasimama uani nikapiga hodi. Nikapiga tena. Akatokea nyuma ya nyumba ameshika panga. Alidhani wamekuja kumpiga.

Nikamwambia, "Donatus, weka panga chini, kaa linaniunguza."

Akasema, "Mwalimu, umekosea nyumba."

"Nyumba hii naijua tangu ikiwa ya nyasi na wewe unajikojolea darasani. Jiko liko wapi?"

"Watakutenga na wewe."

"Wanitenge kwa kosa la nani? Mfiwa ni mimi."

Jenifa ndiye aliyecheka, ndani, akajiziba mdomo. Sungusungu walikaa kikao juu yangu siku mbili. Sheria yao imemfikiria mkosaji, imewafikiria majirani, haikumfikiria mfiwa anayetoka mwenyewe. Mpaka leo hawajui wanifanye nini.

Nikarudi tena kesho yake na siku nyingine. Nilikuwa nakaa, nasema habari za mvua, naondoka. Tarehe kumi na tatu Jenifa akapika, nikala. Tulipofika katikati ya sahani Donatus akaacha kula. Akasema, nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Mwalimu, ile asubuhi mimi nilikuwa pale. Niliona kamba imerudishwa. Niliwaona wakishuka. Vale alinipungia mkono. Nikasema nikipiga kelele wataniita mwizi, wataniwasha moto. Nikasema ngoja wapande kupumzika nitarudisha matimba yao."

Hawakupanda.

Hakuna aliyekuwa anajua. Serikali haijui, sungusungu hawajui, Jenifa mwenyewe alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Nilitoka nje nikatapika michembe yote nyuma ya zizi. Nilishika mti wa zizi nikakaa pale. Kisha nikarudi nikaketi palepale, nikachukua tonge. Usiniulize kwa nini. Si wema. Mtu anayesema ni wema hajawahi kufanya hivyo.

Wewe ulitaka aje kwanza. Haya, angekuja. Angepiga magoti yako hayo akaomba radhi kwa habari ya kamba, maneno matamu, na mimi ningempokea, na tungezeeka wote na uongo ule katikati yetu. Ningesubiri ningepata uongo mzuri. Nilipokwenda nimepata ukweli mbaya. Huo ndio mpangilio, hakimu. Hakutubu ndipo nikaenda. Nilikwenda, ndipo akaweza. Na mpaka leo neno "nisamehe" halijamtoka. Sijui kama litamtoka.

Jana usiku amekusikiliza redioni. Leo asubuhi nimefika, amefunga mlango. Amesema kwa dirishani, "Kumbe mwalimu ulikuwa unanitafutia hadithi ya kaka yako." Anafunga mizigo, anakwenda Nyarugusu kwenye machimbo, akamwache Jenifa kwa dada yake.

Rudi kwenye redio yako useme ukweli, kwamba hakuja, alifuatwa. Ile habari ya asubuhi usiiseme. Nimekuambia wewe kama mjomba, sikumwambia mtangazaji.

Febronia


Ibadakuli, 26 Machi 2024

Febronia,

Nimempigia simu mzee Jilala nikamwambia barua yangu asiisome. Amekubali. Sikumwambia sababu, siri yako nimeitunza.

Alimpungia mkono. Mtoto wetu alimpungia mkono, na yeye akasimama pale akamtazama akishuka. Unataka nimpokee huyo? Mwizi wa matimba ningeweza. Niliwahi kuwahurumia wezi wengi. Huyu si mwizi wa matimba. Kelele moja tu ingetosha, hata ya uongo, hata "nyoka!", na Valerian angekuwa hai.

Redioni sitarekebisha. Nilichosema ndicho kilichopaswa kutokea. Kama hakikutokea, kosa si langu.

Usiniandikie mpaka Pasaka ipite.

Ansgar


Ushirombo, Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Kaka,

Umenikataza. Hii ni fupi.

Jenifa amejifungua jana, mtoto wa kike, mzima. Wanawake wa kijiji hawakuja kumsaidia. Nilikuwa mimi na muuguzi wa zahanati. Donatus yupo kwa sababu hiyo tu. Jilala amesema Jumamosi ya tarehe sita watasoma uamuzi, na jioni yake Donatus na Jenifa watoke, na mtoto wao mchanga.

Hasira yako naijua, ninayo hiyohiyo. Tofauti yetu ni kwamba mimi siisubiri iishe ndipo niende. Ningeisubiri ningekufa nimekaa.

Nimefikiri sana juu ya ule mkono. Valerian alimpungia mtu aliyekuwa amemwibia. Alifanya hivyo kwa kutojua. Mimi nafanya nikijua, na ni kazi ngumu, lakini sioni njia nyingine ya kuendelea kutoka pale mwanangu alipoishia.

Sikuombi saini tena.

Febronia


Ibadakuli, 3 Aprili 2024

Donatus,

Hatujawahi kuandikiana. Mimi ni Ansgar, mjomba wa Valerian, niliyesema uongo juu yako redioni. Barua hii kesho alfajiri namkabidhi kondakta aifikishe kwa Febronia, naye akuletee. Yeye ningempigia, ila nadhani angenikatia, na safari hii angekuwa na haki.

Leo, ingawa Kwaresima imekwisha, nimerudi kwenye kipindi kilekile. Nimesema hukuja kwa magoti wala kwa miguu, na kwamba mdogo wangu ndiye aliyekufuata nyumbani kwako ukiwa hujamwomba. Nimesema mimi ndiye niliyeyatunga yale magoti kwa sababu hadithi bila magoti ilinitia hofu. Sikuongeza kitu. Wasikilizaji kadhaa wamepiga simu kunikemea. Mmoja anadai nawafundisha vijana kwamba wafanye watakavyo, na anataka nijiuzulu uenyekiti wa halmashauri ya parokia. Nimemwambia alete hoja yake kwa maandishi.

Najua ulichomwambia Febronia. Sitajifanya sikijui. Wiki nzima nimekuwa nikitunga maneno ya kukwambia, na ni maneno makali, nimeyapanga vizuri kama nilivyozoea kupanga hukumu. Jumatatu ya Pasaka tulikuwa na ubatizo wa watoto. Mmoja wao alilala mwanzo hadi mwisho. Akamwagiwa maji amelala, akapakwa mafuta amelala, akatajwa jina lake amelala, akatolewa nje begani kwa mama yake bado amelala. Mimi nilikuwa nimesimama pale na suti yangu nikitafuta ni mahali gani katika ibada ile yeye alipotakiwa kutoa kitu. Sikupaona. Nimesimama kwenye ubatizo maisha yangu yote na sikuwahi kupatafuta. Nikakumbuka kwamba hata mimi nilibatizwa hivyohivyo, sina nilichojibu. Sikukipenda nilichokiona, Donatus. Bado sikipendi. Lakini ni kweli, na mimi nimelishwa na kazi ya kuitafuta kweli.

Kwa hiyo sikuandikii kwamba nimekusamehe. Sijafika huko, na ukiniona usoni utajua. Nakuandikia kwa shida ya malazi. Jumamosi nataka kusema mkutanoni kwamba sisi wafiwa hatutaki uhame. Kutoka huku Shinyanga siwezi kuwahi asubuhi ileile. Nitafika Ijumaa na basi la mchana. Kwa Febronia kuna nafasi, lakini naomba nilale kwako. Nitakula mtakachokula, na Jumamosi mimi na wewe tutatoka mlango mmoja kwenda mkutanoni. Wakisema kwamba aliyelala kwa mtu aliyetengwa naye atengwe, watanitenga nikiwa nimekaa karibu yako, na nitajitetea mwenyewe.

Usiandae maneno. Kama huna la kuniambia tutakaa kimya, mimi nimeishi na mke wangu miaka mingi, kimya nakiweza. Usinichinjie kuku. Nina kisukari, chai yangu iwe ya rangi na isiwe na sukari. Usiku natoka nje mara kwa mara, kwa hiyo nitandikie karibu na mlango. Na mtoto akilia, mwambie Jenifa amwache alie. Sitakuwa nimelala.

Ansgar,
mjomba wa Valerian